Jani Lililokataa Kuwa Jekundu

Jirani yangu alikuwa fundi umeme, na jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahauliwa na watu wote isipokuwa mkewe na ofisi ya pensheni. Sisi wengine tulimwita Testa. Testa, kwa asiyeijua, ni bisibisi ndogo yenye kijitaa ndani ya mpini: ukiigusisha kwenye waya wenye umeme, kijitaa huwaka, waya usipokuwa na umeme, hakiwaki. Kila fundi anayo, lakini jirani yangu aliishi nayo. Mafundi wengine walitazama rangi ya waya, wakaunga, wakashuka ngazi. Yeye alipima, akafunga kikaratasi chenye namba kwenye ncha ya kila waya, akapima tena, ndipo akaunga. Kazi ambayo wenzake waliimaliza kabla ya chakula cha mchana, yeye aliimaliza jua likielekea kuzama, nao hawakuacha kumsuta kwa hilo.

"Wewe Testa," msimamizi wake alimwambia siku walipokuwa wakitandaza nyaya katika nyumba yangu, "hata shikamoo lazima uipime kabla ya kuiitikia?"

"Naipima," alijibu bila kugeuka. "Wako wanaoitoa wakiwa na shida zao mfukoni."

Alikuwa akisema kwamba bwana aliyemfundisha kazi alimkataza kuamini rangi ya waya, kwa kuwa rangi huwekwa na mtu, na mtu hukosea. Sote tulimheshimu kwa uangalifu huo. Mimi mwenyewe, kila nilipopata mgeni aliyehitaji fundi, nilimpeleka kwake kwa kifua mbele.

Alipokaribia kustaafu aliitwa kubadilisha swichi kuu ya hoteli moja, na katika ukumbi wa mapokezi alikuta tangi la kioo lililopandwa mimea ya majini kama bustani iliyozamishwa. Samaki wadogo walipita kati ya mashina kwa utulivu wa watu waliokwisha kulipwa mishahara. Mhudumu wa pale alimweleza kuwa majani yaliyosimama katikati yalikuwa mekundu kwa sababu ya taa peke yake; mmea huohuo, ukiwekwa chini ya taa isiyofaa, hubaki wa kijani maisha yake yote. Testa alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Maisha yake yote alikuwa ameutumia umeme kuzungusha mapanga ya feni na kuchemsha maji, na sasa alikuwa ameambiwa kwamba mwanga waweza kupaka jani rangi. Aliapa kwamba hatakufa kabla hajaligeuza jani moja kuwa jekundu kwa mkono wake.

Basi, alipostaafu, chumba chake cha nyuma, kilichojaa mabunda ya nyaya na masanduku ya swichi, kikapata tangi. Mkewe hakukanyaga humo kwa hofu ya nyaya, na sisi wengine hatukuruhusiwa. Testa alisema mtu haonyeshi nyumba kabla ya kuezeka. Siku jani litakapokuwa jekundu, atatuita.

Habari za tangi nilizipata kwenye ukuta wa ua, yeye akiwa upande wake na mimi upande wangu. Kwanza alitumia taa ya LED ya kawaida, nyeupe, ya kumulika sebule. Mmea ukarefuka, ukawa mwembamba kama mtoto anayeugua minyoo. Akaweka nyeupe yenye nguvu zaidi, akaishusha karibu na maji. Utando wa mwani ukafunika kioo. Akaipandisha juu, akaifungia saa ya kuiwasha na kuizima yenyewe, mwani ukapungua, lakini jani likabaki vilevile.

"Tatizo, jirani, ni kwamba watu huchagua taa kwa macho," alinieleza, akikata hewa kwa kiganja kama anayegawa mkate. "Jicho la binadamu hupenda mwanga wa kijani na wa manjano. Taa ikiwa nao mwingi, sisi tunasema inawaka sana. Lakini jani halili huo. Jani linakula mwekundu na wa buluu. Kwa hiyo taa inayokupendeza wewe inaweza kuwa inaliua jani kwa njaa. Jicho si kipimo."

Maneno hayo aliyasema yeye, kwa kinywa chake, na mimi niliyasikia.

Mkewe alikuwa na mdogo wake wa kiume, mwenye duka la vifaa vya umeme katika safu ya maduka iliyo karibu na mtaa wetu. Nitamwita Muuza Taa. Dada huyo na mdogo wake walilelewa wawili tu, na mapenzi yao yalikuwa ya kugombana kila Jumapili na kupelekeana chakula kila Jumatatu. Muuza Taa alipoona shemeji yake anavyohangaika, aliagiza taa maalumu za LED kwa ajili ya matangi yenye mimea: ubao mwembamba wenye vijitaa vidogo vingi, vyeupe, vya buluu na vyekundu vya kukolea, vimepangwa kwa zamu. Ya kwanza alimletea shemeji yake kama zawadi. Nyingine aliziweka dukani, na wapenzi wa samaki wakaanza kuzinunua.

Haikupita muda, Testa akaingia dukani na taa ile kwapani. Nilikuwapo, nimefuata balbu.

"Shemeji, umeuziwa takataka na wewe unatuuzia takataka," alisema. Hakupaza sauti; hakuwa mtu wa kupaza sauti, na ndiyo maana kila mtu alisikia. "Vijitaa karibu theluthi vimekufa. Haviwaki."

"Haviwaki vipi? Mimi nilivijaribu mwenyewe kabla ya kukuletea."

"Basi ulivijaribu umefumba macho."

Muuza Taa alitaka kuiwasha pale pale, lakini umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu asubuhi. Akampa nyingine mpya ndani ya boksi lake. Kesho yake Testa akarudi: nayo vijitaa vimekufa, na vilevile, mahali palepale. Safari hii alikuwa na hakika. Aliwaambia wateja waliokuwapo kuwa mzigo mzima ni mbovu, na kwamba yeye, fundi wa miaka yote hiyo, hangemshauri mtu ainunue taa ile hata ya kumulikia choo.

Umeme safari hii ulikuwapo, lakini Muuza Taa alikuwa amekwisha kupandwa na hasira, wala hakukumbuka kuwasha kitu. "Shemeji, mimi unaniita mwongo mbele ya watu?"

"Mimi nasema nilichokiona."

Neno la Testa kuhusu umeme lilikuwa halipingwi. Mwalimu mmoja wa kike aliirudisha taa yake jioni ileile, wengine wakafuata, na wateja wakaanza kuuliza kama balbu za kawaida nazo ni za mzigo huohuo. Muuza Taa akaacha kukanyaga kwa dada yake. Chakula cha Jumatatu kikakoma. Mke wa Testa alikonda uso, akawa anafagia ua ambao umekwisha kufagiwa.

Ni yeye aliyekata shauri. Alimwendea mdogo wake, akarudi kwa mumewe, akaenda tena, hata wakakubaliana hivi: Testa achukue matawi mawili ya shina moja la mmea ule, ayapande katika matangi mawili madogo yanayofanana, yenye udongo mmoja na maji mamoja. Juu ya moja aweke taa nyeupe, juu ya lingine taa ya shemeji yake. Kati yake pasimame ubao, na yafunikwe pande zote ili mwanga wa dirisha usiingie. Yeye peke yake ndiye afungue, kwa kulisha mimea na kubadilisha maji. Majani mapya yatakapokuwa yamejaa, wote wakutane watazame. Taa ikiwa mbovu, Muuza Taa atatangaza dukani kwamba aliuza taa mbovu na kuziondoa zote. Ikiwa nzima, Testa atakwenda mahali alipomvunjia heshima shemeji yake, aseme mbele ya watu kwamba alikosea. Mimi niliombwa niwe shahidi, kwa kuwa sina undugu na upande wowote.

"Na kama hamtaelewana hata baada ya hapo," mkewe alituambia sote, "mjue mimi nina mume mmoja na ndugu mmoja. Msinitafutie wa tatu wa kunizika."

Siku ilipofika, Testa alitupokea mlangoni amevaa shati la kupigwa pasi. Alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Muuza Taa aliingia bila kuketi. Mke wa Testa alivuta pumzi, akavuka kizingiti cha chumba kile pengine kwa mara ya kwanza tangu kilipojaa nyaya, akajishika sketi isiguse kitu.

"Sitaki maneno mengi," alisema Testa. "Mtajionea." Akainua vifuniko, kimoja baada ya kingine.

Tangi la kushoto, chini ya taa nyeupe, lilikuwa na mmea mwembamba wa kijani kilichofifia. Tangi la kulia lilikuwa na kitu ambacho sikuwa nimejiandaa kukiona. Majani yalikuwa yameshonana kutoka kwenye udongo hadi karibu na uso wa maji, na yalikuwa mekundu: mekundu ya kukolea kwenye ncha, yakishuka kuwa ya waridi karibu na shina. Nilisahau kwamba nilikuja kuwa shahidi. Mke wa Testa aliweka mkono kifuani. Muuza Taa alitoa pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia.

"Mnaona?" alisema Testa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi. "Kule kijani, huku kijani. Tena huku kijani kimechakaa zaidi, kama cha jani linalotaka kuoza. Sasa shemeji, nani mwongo?"

Muuza Taa alicheka kicheko kikavu.

"Dada, mimi nakwenda. Nimeitwa hapa kufanyiwa mzaha."

"Baba watoto," alisema mkewe, "acha utani. Mwambie mwenzio ukweli tumalize."

"Utani gani?"

"Majani ni mekundu."

"Na wewe umeungana naye?" Akanigeukia. "Jirani, wewe huna undugu na mtu hapa. Sema."

Nilimtazama usoni nikitafuta dalili ya mzaha, na sikuiona. Nikamwambia kuwa ni mekundu, tena mekundu kuliko kitu chochote kilichomo humo. Alinitazama kama mtu aliyegundua kuwa hata shahidi amehongwa.

Muuza Taa alikuwa amefika mlangoni. Akarudi. Nadhani yeye ndiye aliyeshika jambo lile kabla yetu, kwa sababu sauti yake ilikuwa imepoa ghafla.

"Shemeji, hebu nionyeshe vijitaa vilivyokufa. Kimoja kimoja. Nyoosha kidole."

Testa aliigeuza taa ya tangi la kulia kidogo, uso wake ututazame, ikiwa inawaka. Akaanza kunyoosha kidole. "Hiki. Hiki. Hiki hapa. Na hiki." Hakusita hata kidogo. Alikwenda mstari mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila kidole chake kilipotua, kilitua juu ya kijitaa chekundu kinachowaka kama kaa la moto. Hakugusa cheupe hata kimoja kwa kukosea. Hakugusa cha buluu. Alivichagua vyekundu vyote, akatuambia kuwa vimekufa.

Mkewe aliketi juu ya bunda la nyaya alizokuwa akiziogopa.

"Mume wangu," alisema taratibu, "hivyo vyote vinawaka. Ndivyo vyekundu."

Sijui kama niliwahi kuuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Hakubisha. Alichuma jani moja kutoka kila tangi, akanipa, akageuza mgongo, akaniambia niyachanganye. Nilipomwonyesha, aliyatazama kwa muda mrefu, akayapeleka dirishani, akachagua. Akakosea. Tukarudia, akapata. Tukarudia, akakosea. Ndipo akalivuta sanduku la vipande vya nyaya kutoka chini ya meza na kuanza kuvitenga: vyekundu huku, vya kijani huku, vyeusi kule. Alipomaliza alitutazama sote watatu bila kuuliza. Lundo lake la nyeusi lilikuwa na nyaya nyekundu ndani yake. Lundo la nyekundu lilikuwa na za kijani. Akasoma jibu machoni petu.

"Nyumba zangu," alisema.

Nilikuwa nasubiri nisikie kitu kingine, pengine habari za majani. Lakini yeye alikuwa anazihesabu nyumba kichwani: shule, zahanati, ghorofa zile tatu za nyuma ya soko, nyumba yangu mimi niliyeketi mbele yake.

"Ulipima," nilimwambia. "Kila waya, mara mbili, na vikaratasi vyako. Hakuna nyumba yako iliyowahi kuungua."

"Nilidhani kila mtu anaona hivyo," alijibu. "Nilidhani nyaya ni ngumu kutofautisha kwa watu wote, na wenzangu ni wazembe tu, wanabahatisha. Nilikuwa nawaonea huruma."

Hapo mkewe naye akaanza kukumbuka. Nyanya sokoni, ambazo mumewe alizibonyeza moja moja badala ya kuzitazama, naye akajisifu kwa mashoga zake kwamba ameolewa na mtu makini. Tai ya harusi, aliyomwachia yeye aichague, naye akadhani ni mahaba. Kila alichokitaja kilikuwa kidogo, na kila kidogo kilimtoa machozi na kicheko kwa pamoja. "Miaka yote hii nimelala na mtu asiyeijua rangi ya kanga yangu ninayoipenda," alisema. "Uliniambia imekupendeza."

"Ilinipendeza. Sikujua tu ni kwa nini watu wanaitazama."

Baadaye mtaalamu wa macho alimfungulia kitabu chenye kurasa za madoadoa, akamwambia azitaje tarakimu zilizofichwa humo. Mkewe, aliyeketi nyuma, aliziona zote. Testa aliona madoadoa. Mtaalamu akaeleza kuwa alizaliwa hivyo, kwamba wanaume wengi kidogo huzaliwa hivyo wasijue, na kwamba kwa macho ya aina yake mwanga mwekundu wa kukolea hufifia hata kufanana na giza. Taa ilikuwa imewaka mbele yake wakati wote. Kilichonishtua mimi, na hunishtua hadi leo, ni kwamba mtu yule alipima kila kitu maishani mwake, na siku moja tu aliyoyaamini macho yake bila kupima, ndiyo siku aliyomwita ndugu wa mkewe mwongo.

Muuza Taa alimwambia yaishe. Ameelewa, hakuna haja ya kwenda kujidhalilisha dukani. Testa akakataa. Alisema mkataba ni mkataba, tena wateja waliondoka kwa neno lake, na neno hilo bado linatembea mtaani.

Alikwenda Jumamosi, duka likiwa limejaa, mkewe akiwa mbele na mimi nyuma. Alilibeba tangi dogo la kulia mikononi, maji yakimwagikia shati. Alilitua juu ya meza ya duka, akaomba taa, akaiwasha juu yake. Watu waliokuwa wakidai chenji na adapta za simu waligeuka kutazama. Mwalimu yule wa kike alikuwa miongoni mwao.

"Mama," alimwambia, "taa uliyoirudisha kwa ajili yangu ilikuwa nzima. Zote zilikuwa nzima. Nilisimama hapa nikasema vijitaa vimekufa na kwamba huyu anauza takataka. Vilikuwa vinawaka. Macho yangu hayaoni nyekundu, na sikuwa najua. Yeye alisema kweli, mimi nilisema uongo nikidhani ni kweli."

"Shemeji, inatosha," alinong'ona Muuza Taa.

"Haijatosha. Nyuma kule nadhani hawajasikia." Akarudia yote, kwa sauti kubwa zaidi, neno kwa neno.

Aibu ilikuwa yetu sisi tuliosikiliza. Kijana mmoja aliyefuata fyuzi alimuuliza, kwa udadisi mtupu, ikiwa basi yale majani anayaona kuwa rangi gani.

"Kama jani la mwembe lililokauka. Wewe unayaonaje?"

"Mekundu."

"Ndiyo, lakini yakoje?"

Kijana alifungua kinywa. "Kama… kama moto."

"Moto nauona wa manjano."

"Kama damu," akajaribu mwalimu.

"Damu naiona giza. Nilidhani ndiyo sababu watu wanaiogopa."

Mtu mmoja alitaka kucheka, akaacha. Tulisimama pale, watu wazima wenye macho mazima, na hakuna aliyeweza kumwambia. Mwalimu, labda kwa kutaka kutuokoa, alichukua maboksi mawili kutoka kwenye rafu, akamnyooshea Testa kama watu wote walivyokuwa wamezoea kumfanyia.

"Basi fundi, kwa tangi langu, kati ya hizi mbili ipi inanifaa?"

Mkono wa Testa ulitoka kuyapokea. Ukakaa hewani, kisha ukarudi.

"Muulize mwenye duka," alisema. "Na mimi nitamsikiliza."

Muuza Taa aliinama, akavuta kigoda kutoka chini ya rafu, akakiweka nyuma ya meza, upande wa mwenye duka, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati lake.

"Kaa, shemeji," alisema. Kisha akamgeukia mwalimu na kuanza kumweleza habari za taa.